Posa Iliyoharibiwa na Uso Wangu

Wageni waliokuja kubisha hodi kwa ajili ya binti yangu Nasiha walifika Jumapili moja ya mwezi wa Julai, baada ya sala ya Alasiri. Walikuwa saba, wanaume watano na wanawake wawili. Nyumba yetu iko Kibokoni, orofa ya kwanza, na ngazi zake za mbao zimesimama wima mno kwa watu wazima, kwa hiyo niliwasikia wakipumua muda mrefu kabla ya kuwaona.

Aliyetangulia alikuwa Bwana Valli, ami yake Owais, kijana aliyetaka kumwoa Nasiha. Ndiye aliyemlea Owais tangu baba yake alipofariki, na ndiye aliyekuwa msemaji wao. Ana duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya soko la Marikiti. Wao ni Wakachi. Mababu zao walitoka Kachi, Bara Hindi, na kwa kawaida huoana wenyewe kwa wenyewe. Kuja kwao kwetu sisi Waswahili halikuwa jambo dogo. Nililijua hilo na nililithamini.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilifanya kazi bandari ya Kilindini miaka thelathini na mitatu, kwanza kuli, kisha karani wa shehena. Ukarani niliupata kwa kusoma usiku, baada ya zamu, katika darasa la watu wazima pale Tononoka. Tangu siku hizo nina desturi ya kulisoma jambo kabla ya kulikabili. Niliuliza adabu za Wakachi kwa watu wanaozijua, nikavaa kanzu yangu iliyodariziwa shingoni, nikaketi mkabala na mlango.

Bwana Valli alifungua maneno vizuri.

"Bwana Shee," alisema, "mimi dukani kwangu mteja hutaja anachotaka, nami humpa. Leo mteja ni mimi, na nikitakacho hakipimwi kwa kilo. Ulimi umekuwa mzito, wallahi."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu maneno yalinipendeza. Nikamwambia, "Karibuni, hapa ni kwenu."

Aliinama mbele. "Wasemaje, bwana?"

Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa, lakini polepole, na kicheko chake kilikuwa kimekwisha. Nikadhani ana matatizo ya masikio. Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa mafupi. Waliponyanyuka, Bwana Valli alininyoshea mkono, nami nikaanza kuinuka ili niupokee nikiwa wima, kama inavyompasa mwenye nyumba. Kochi lilinishika. Nilipofaulu kusimama, mkono wake ulikuwa umesharudi mfukoni, naye alikuwa kwenye ngazi.

Kwa desturi yetu, ziara ya kubisha hodi ikipokewa vizuri, wageni hurudi baada ya wiki mbili tatu na posa yenyewe. Wasiporudi, mzazi wa binti haulizi. Kuuliza ni kumtembeza mwanawe kama bidhaa. Wiki tatu zikapita, kisha tano.

"Umewanunia wageni," mke wangu Mwanakhamis aliniambia wiki ya tano. "Watu wamekuja na heshima zao, na wewe umewakalia kama mtu anayedai kodi."

"Sikumnunia mtu. Nilicheka."

"Ulicheka lini? Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na macho ninayo."

Nasiha hakusema kitu mpaka Owais alipompigia simu. Binti yangu ana miaka ishirini na sita, ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na si mtu wa kulia ovyo. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Ami yake amesema ulikaa kama hakimu," alisema. "Mkono wake uliukataa. Baba, kama humtaki Owais kwa kuwa ni Mkachi, ungeniambia mimi. Usingewapandisha watu wazima ngazi zile kwa ajili ya kuwadhalilisha."

Nilimjibu kuwa hayo si kweli. Alinitazama usoni kwa muda, na nilichokiona machoni pake ni kwamba hakuniamini. Tangu siku hiyo akawa anakula peke yake, jikoni.

Niliona wamenionea wote, na mtu aliyeonewa huwa hajichunguzi. Aliyenichunguza alikuwa Kazungu. Tulifanya kazi pamoja bandarini. Yeye aliendesha winchi, mtambo wa kuinulia shehena, mimi nikiandika. Sasa tuna chama cha wastaafu, tunakutana kila mwezi, na mimi ni katibu wake kwa mwaka wa kumi na tisa. Mkutano wa Agosti ulipokwisha, Kazungu alichukua daftari la kumbukumbu akalisogeza mbali na macho, akalisogeza karibu.

"Shee, hii taarifa umewaandikia sisimizi?"

"Vaa miwani."

"Nimeivaa. Tazama wewe. Mstari unaanza na herufi kama punje za mahindi, unamalizika na mtama." Akafungua kurasa za nyuma, za mwaka juzi, akaziweka kando ya zile mpya. "Huyu aliyeandika huku ni katibu. Huyu wa huku ni nani?"

Nilitazama. Hati yangu ndiyo kitu nilichokipata kwa jasho kuliko vyote, na mbele yangu ilikuwa imenywea kama nguo ya pamba iliyochemshwa. Sikuwa nimeona.

"Kaka yangu wa Ganze alianza hivi hivi," Kazungu alisema, na sasa hakuwa akitania. "Hati, kisha mwendo, kisha akawa hacheki. Wakamzungusha kwa waganga miaka minne, wakimtafuta aliyemloga. Nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, yakhe. Usiende kwa mtu mwingine."

Daktari tuliyempata ni mwanamke, jina lake Nasipwondi, kwenye kliniki upande wa Mbaraki. Mwanakhamis alifuatana nami. Nilibeba karatasi niliyoorodhesha maradhi yangu yote: bega la kushoto lililokaza, ambalo nilikuwa nikikandwa kwa mafuta miaka miwili kwa jina la baridi yabisi, choo kigumu, uchovu. Daktari aliisoma karatasi, kisha akaiweka kando na kuanza kunitazama. Alinitazama sana. Nilizoea madaktari wanaotazama kompyuta.

Aliniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka haraka, kwa upana. Mkono wa kulia ukaenda. Wa kushoto ulianza vizuri, kisha ukawa unapungua, unapungua, mpaka vidole vikawa vinagusana tu. Aliniambia nitembee ukumbini, nende nirudi. Alishika kiwiko changu akakikunja na kukikunjua, na mimi mwenyewe nilihisi kinavyokwenda kwa vituo, kama mnyororo wa winchi usiopakwa grisi. Akanipa kalamu nichore duara linalozunguka kutoka katikati kwenda nje, kama ganda la konokono. Konokono wangu alikuwa mdogo sana.

"Harufu unazisikia, mzee?"

"Nasikia."

"Udi nilioufukiza Ijumaa hukuusikia," alisema Mwanakhamis. "Wala samaki aliyeoza mwezi uliopita. Uliketi naye chumba kimoja."

"Na usingizi wake, mama?"

"Mwaka juzi alinipiga ngumi ya ubavu akiwa amelala. Alipoamka akasema alikuwa anafukuza mbwa."

Nilishangaa kuona daktari akiyaandika hayo yote, la mbwa pia. Alipomaliza akasema, "Mzee, tabasamu."

Nikatabasamu.

"Tabasamu."

"Nimetabasamu."

Alichukua simu yake, akaifungua upande wa kamera unaomwonyesha mtu sura yake, akanigeuzia. "Tabasamu tena, ujitazame."

Nilitabasamu kwa moyo wote, na ndani ya simu nikaona mzee anayesubiri zamu yake benki. Mashavu hayakwenda popote. Macho hayakupepesa. Niliwakumbuka watu saba waliopanda ngazi zangu, na nikaelewa walichokiona.

Daktari alieleza kwa utaratibu. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo ambayo chembe zake hutengeneza kitu kiitwacho dopamini, na mwili hukitumia ili mwendo uwe laini na mpana. Chembe hizo zikifa, kila mwendo hupungua: hatua, hati, sauti, na hata mienendo midogo ya uso ambayo mtu haifanyi kwa kukusudia. Ugonjwa huo unaitwa Parkinson. Hakuna kipimo cha damu kinachosema ndiyo au la. Daktari huutambua kwa kumkagua mtu.

"Lakini mimi sitetemeki," nilisema.

"Wapo wengi wasiotetemeka. Ndio wanaochelewa kugundulika, kwa sababu watu huona uzee, au huona kiburi."

Neno hilo la mwisho alilisema bila kujua lilikopita.

Alisema hauponi, lakini unatulizwa. Angenipa dawa ambayo ikiingia ubongoni hugeuzwa kuwa dopamini, mara tatu kwa siku, na mwili wangu ukiitika vizuri, hiyo nayo ingekuwa dalili kwamba hakukosea. Kabla ya kuondoka nilimuuliza swali ambalo Mwanakhamis hakulitarajia.

"Ni la kurithi?"

"Mara nyingi si la kurithi. Ziko familia chache ambamo limo katika damu. Kwenu yupo mwingine?"

"Simjui."

"Basi usiwe na hofu kubwa. Lakini siwezi kukuandikia hati ya kuapa."

Nilimuuliza kwa sababu najua mji wangu. Kabla watu hawajaoana, kila upande huwapeleleza wenzao. Huulizwa kama kuna kifafa, kama kuna wazimu, kama kuna mtu aliyefichwa chumba cha ndani. Kama Wakachi walikuwa wameudhika tu, huenda siku moja wangesahau. Lakini wakisikia kwamba baba ana ugonjwa wa ubongo, ungekuwa mwisho wa Nasiha kwao na kwa wengine pia. Nilimwagiza Mwanakhamis asimwambie mtu, hata Nasiha; Kazungu peke yake, aliyenituma kwa daktari, ndiye niliyemwambia. Msichana akijua, Owais atajua.

Nilianza vidonge. Mwanakhamis ni mtu wa mpango, na kwao hakuna dawa kali inayoingia tumbo tupu. Kila asubuhi aliniandalia kwanza mahamri na bakuli la mbaazi za nazi, na bilauri ya maziwa juu yake, kuiwekea dawa msingi kama alivyosema mwenyewe, ndipo nikameza. Mchana ilikuwa samaki, kisha kidonge. Jioni vivyo hivyo. Wiki sita zilipita na sikuona tofauti. Konokono wangu alibaki mdogo.

Tuliporudi kliniki mwezi wa Oktoba, daktari alinikagua tena na uso wake ukabadilika.

"Nilitarajia mengi zaidi," alisema. "Huenda nimekosea. Yapo magonjwa yanayofanana na huu yasiyoitikia dawa, na hayo ni mabaya zaidi." Akavuta kiti karibu. "Mzee, vidonge unavimeza vipi?"

Mwanakhamis alimjibu kwa fahari, bakuli kwa bakuli. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mama, mbaazi, maziwa, samaki, vyote vina protini. Protini na dawa hii hupita mlango mmoja kutoka tumboni kwenda kwenye damu. Wewe umeitanguliza protini, ikauziba mlango. Dawa imebaki nje."

"Kwa hiyo wiki zote sita nimekuwa nikizitibu mbaazi?" aliuliza Mwanakhamis.

Daktari alicheka mpaka akatoa miwani. Alituandikia upya: kidonge na maji, nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Mbaazi hakuniharamishia, ila zisubiri.

Siku ya tano asubuhi nilifunga vifungo vyote vya shati kabla mwadhini wa jirani hajamaliza adhana. Wiki ya pili Kazungu aliniambia natembea kama mtu mwenye deni la kwenda kulilipa. Hati ilirudi nusu. Uso ulirudi kidogo, zaidi upande wa kulia, na Mwanakhamis akawa ananitazama kwa pembeni nikisikiliza redio, kuhakikisha. Sauti ndiyo iliyokataa. Daktari alisema sauti huwa haiisikii dawa kama miguu inavyoisikia, hutaka mazoezi. Alinipeleka kwa msichana anayeitwa Cynthia, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watu kunena. Alinisimamisha na miguu imeachana, akaniambia nivute pumzi mpaka chini ya mbavu na niseme kama ninayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Nilifanya mazoezi hayo nyumbani, Nasiha akiwa kazini. Jirani alimuuliza Mwanakhamis kama tunagombana.

Mwanzoni mwa Desemba Mwanakhamis alisikia kwenye harusi kuwa kina Owais wameanza kuulizia msichana wa Kikachi, huko Malindi. Mwezi wa pili watakwenda kumtazama. Aliniambia usiku, kwa sauti ya chini, ingawa Nasiha alikuwa keshalala.

"Nitakwenda kwa Valli," nilisema.

"Uende? Mzazi wa mwari hafuati wakwe. Watasema tunamtembeza."

"Nitakwenda kumwambia sikumnunia."

"Utamwambiaje bila kumwambia ugonjwa?"

Nilikuwa na njia mbili. Nikinyamaza, nimemkataa Owais kwa uso wangu. Nikisema, huenda wao wakamkataa Nasiha kwa damu yangu. Nililala nikiwaza nitalisema nusu: nilikuwa naumwa siku ile, basi, bila kutaja jina.

Jumatatu nilimeza kidonge saa nne kamili na maji matupu, nikangoja, nikatoka. Nilikwenda kwa miguu mpaka Marikiti, nikiukumbusha mkono wa kushoto ujitupe. Bwana Valli alikuwa kwenye mashine ya kuchonga funguo, inapiga kelele na kutoa cheche. Wateja walikuwa wanne, mmoja wao fundi mwashi mwenye saruji mpaka kwenye nyusi. Kando ya mizani ya misumari aliketi Bi Lubaba, mama yake Valli, bibi yake Owais. Alikuwa miongoni mwa wale saba. Ana zaidi ya miaka themanini, na masikio yake kweli ni mazito.

Nilitoa salamu. Bwana Valli aliitikia bila kuzima mashine.

"Umepotea njia, Bwana Shee?"

"Sikupotea. Nimekuja kwako."

"Yuwataka nini? Bawaba? Rangi?"

"Nataka kusema nawe."

"Sema."

Nikasema. Niliyasema yote niliyoyapanga, lile la nusu. Aligusa sikio lake, mashine ikiendelea kulia.

"Sisikii, bwana. Siku ile pia hukusikika. Huenda maneno yako ni ya kusikiwa na wakubwa wenzako tu."

Mteja mmoja alicheka. Zamani ningegeuka nikaondoka, na nisingerudi duka lile mpaka nife. Mlango ulikuwa hatua tatu nyuma yangu. Kama ningetoka, safari ya Malindi ingekuwa imekwisha kuamuliwa. Niliachanisha miguu, nikavuta pumzi mpaka chini ya mbavu.

"Siku ile nilikuwa nacheka!"

Mashine ilizimwa. Hata mchukuzi wa mkokoteni aliyekuwa nje alisimama.

"Ulikuwa nini?"

"Nilicheka! Ulisema unakitaka kitu kisichopimwa kwa kilo. Nikacheka, kwa kuwa ulisema vizuri. Kicheko hakikutoka. Nilikuwa nainuka kuupokea mkono wako, mwili ukachelewa. Nina ugonjwa. Unaitwa Parkinson. Unakaza uso, unakata sauti, unachelewesha mkono. Sikukudharau wewe, wala Owais, wala kabila lenu."

Sikuwa nimekusudia kulitaja jina. Lakini mtu akivuta pumzi kubwa namna ile, haitoki nusu.

"Ule wa kutetemeka?" aliuliza fundi.

"Mimi sitetemeki."

"Basi si huo. Mjomba wangu alikuwa nao, alikuwa hawezi kushika kikombe."

"Fundi, wewe ni daktari?" Bwana Valli alimuuliza.

"La, lakini—"

"Basi kaa kimya, utauziwa saruji yako."

Bi Lubaba alivuta mkono wa shati la mwanawe. "Yuwasema nini huyu?"

"Asema yu mgonjwa, Ma."

"Wa nini?"

"Wa uso."

"Uso una nini? Mimi niliuona mzuri tu. Shee, ndoo hapa unambie mwenyewe."

Nikasogea kando ya mizani, nikamwambia tena, kwa sauti ile ile, sikioni. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akayafumbua.

"Ni la kurithi?"

Nilikuwa na neno moja fupi la kusema, na lisingekuwa uongo mkubwa. Daktari mwenyewe alisema mara nyingi silo.

"Mara nyingi si la kurithi," nilisema. "Familia chache linalo katika damu. Kwetu simjui mwingine aliyekuwa nalo. Lakini kuapa siwezi."

Bwana Valli alitazama sakafu. "Bwana Shee, jambo kama hili ungelinambia faragha."

"Ningekwambia faragha, ungesikia?"

Bi Lubaba ndiye aliyesema, na watu wasiosikia vizuri hawajui kunong'ona.

"Valli, mwambie."

"Nimwambie nini, Ma?"

"Mwambie sukari."

"Ma!"

"Basi nitamwambia mie. Baba yake Owais sukari ndiyo iliyomuua. Babu yake alikatwa mguu. Mie najichoma sindano kila siku ya Mungu. Siku ile kwenu nilikula vipande vinne vya halua, ili mkeo asiulize mbona sili. Usiku wake nikalazwa." Akanigonga goti kwa kidole. "Tulikuja kuwaficha, tukarudi kulalamika kuwa mmetunyamazia. Sasa hapa nani wa kumcheka mwenziwe?"

Bwana Valli alijipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hakutabasamu, na mimi sikumlaumu; siku hizi simsomi mtu kwa uso. Aliukamilisha ufunguo aliokuwa akiuchonga, akaupuliza, akampa mwenyewe. Ndipo akasema, bila kunitazama:

"Alhamisi, baada ya Alasiri. Tutaleta posa." Kisha akamgeukia fundi. "Mifuko mingapi?"

Nilifika nyumbani, nikamwambia Mwanakhamis. Alisema Alhamdulillahi mara tatu, kisha akaniuliza kama kweli nilipiga kelele mbele ya wateja, kisha akakaa chini. Nasiha alirudi saa kumi na moja. Hakuvua viatu.

"Umewaambia dukani," alisema.

"Ndiyo."

"Mbele ya fundi saruji."

"Alikuwepo."

"Nimempigia mamangu, kumbe anajua tangu Septemba. Mzee Kazungu anajua. Fundi asiye na jina anajua. Mimi naambiwa na Owais kwenye simu, niko kazini, nimeshika karatasi za watu."

"Nilihofia itakuharibia."

"Miezi mitano, baba. Nimeuchukia uso wako miezi mitano, na mitatu ya mwisho ulikuwa unajua una nini. Ukaniacha niuchukie."

Hilo sikuwa nimelipima. Katika hesabu zangu zote niliwaweka Wakachi, mji na daktari, na Nasiha nilimweka kama shehena ya kulindwa isinyeshewe. Nilimwambia nimekosa. Nilimwambia mara ya pili, kwa sababu ya kwanza haikusikika.

Alivuta kiti. Aliuliza maswali yake moja baada ya jingine, kama anavyowauliza wenye mizigo. Unapona? Hauponi, unatulizwa. Utaendelea? Utaendelea, polepole, na dawa itaongezwa. Utafika pa kutojiweza? Daktari hajui, hutofautiana mtu na mtu. Na mimi? Nikampa jibu nililompa Bi Lubaba, bila kuongeza wala kupunguza neno. Alilisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua boksi la vidonge mezani, akasoma maelezo yote, akageuza nyuma akasoma kadi ya kliniki.

"Siku ya daktari ni Alhamisi hii," alisema. "Saa tisa."

Nilikuwa nimesahau.

"Alhamisi ndiyo wanakuja na posa," Mwanakhamis alisema. "Daktari atangoja."

"Daktari hangoji. Waje Ijumaa."

"Na nani atawaambia? Siku ya posa hupangwa na wao. Upande wa mwari haubadilishi siku."

"Mimi nitamwambia Owais siku ibadilishwe, naye amwambie ami yake," Nasiha alisema. "Alhamisi nakwenda na baba Mbaraki. Nataka kumwona huyo daktari mwenyewe."

Akatoka kwenye ngazi, ambako simu hushika vizuri. Sisi tulibaki ndani, mimi na mamake, tukimsikia akisema Ijumaa, kisha akinyamaza, kisha akisema tena, Ijumaa.